Kitasa cha geti na maneno ya tangazo

Kwenye nyumba za wageni, hosteli za wanafunzi na maegesho ya magari huku kwetu Nyanda za Juu Kusini kuna karatasi moja ambayo haikosekani: "Uongozi hautahusika na upotevu wa mali yako." Wengine wanaiandika kwa kalamu nyekundu, wengine wanaichapa na kuivalisha nailoni kabisa. Mimi nilikuwa naisoma na kupita, kama wanavyopita wengi, nikijua ndiyo sheria yenyewe. Nilianza kuitilia shaka mdogo wangu alipovunjwa mkono ndani ya hosteli, Iringa.

Alikuwa mwaka wa pili. Mabweni ya chuo yalikuwa yamejaa, akapanga hosteli binafsi upande wa Kihesa: vyumba vimetazamana kwenye korido moja, wasichana wanne kila chumba, vyoo na mabafu nyuma, nje ya jengo. Jina la hosteli silitaji. Tulishamalizana na mwenyewe na makubaliano yako kwenye karatasi. Kilichompeleka pale ni tangazo lililobandikwa karibu na chuo: maji muda wote, umeme wa luku, ulinzi saa 24. Kodi ya muhula mzima ililipwa kabla hajaingiza begi.

Ulinzi ulikuwepo kweli mwanzoni. Kulikuwa na mzee mwenye koti refu na rungu, anaota moto wa mkaa pale getini, na baridi ya Iringa mtu hawezi kumlaumu kwa kuukumbatia ule moto. Likizo ilipoisha mzee hakurudi. Hakuna aliyeambiwa kaenda wapi wala kama analetwa mwingine. Kisha kitasa cha geti dogo kikafa, likawa linafungwa kwa kipande cha waya. Taa ya nyuma, ile inayomulika njia ya chooni, ikaungua na ikabaki imeungua.

Wasichana walisema. Kulikuwa na kundi la WhatsApp la hosteli, mwenye nyumba yumo, matroni yumo. Waliandika kuhusu mlinzi, wakaandika kuhusu kitasa, wakatuma na picha ya ule waya. Mwenye nyumba akajibu: "Nimewasikia wanangu, fundi anakuja wiki hii." Fundi hakuja. Chumba cha mwisho wakaibiwa kompyuta mpakato mchana kweupe, wakaandika tena. Safari hii jibu lilikuwa pole, na kwamba kila mtu awe makini na vitu vyake.

Usiku mmoja wa mwezi wa saba mdogo wangu alitoka kwenda chooni, akakuta wanaume wawili wameshaingia. Walitaka simu. Alichelewa kuitoa, au waliona amechelewa, wakampiga na nondo karibu na kifundo cha mkono. Wakaingia chumbani, wakabeba kompyuta mbili, wakatoka kwa geti lile lile la waya.

Mimi naishi Mbeya. Nilipanda basi la alfajiri, na Makambako yote hadi Mafinga nilikuwa nawaza kuhusu hao wanaume wawili: nikiwapata nitawafanya nini. Mwenye hosteli hakuwemo kabisa kwenye hasira zangu. Nadhani wengi tuko hivyo. Mwizi ana sura, hata usipomwona. Mtu ambaye hakununua kitasa hana sura ya mkosaji.

Polisi walifanya sehemu yao: tukapewa namba ya RB, yaani ya taarifa yetu pale kituoni, tukapewa PF3, fomu ya polisi ya mtu aliyejeruhiwa, daktari akaijaza. Watu huichukulia ile fomu kama usumbufu wa kukuchelewesha kutibiwa. Kwa shauri la madhara ndiyo karatasi inayosema nani aliumia wapi, lini, na kwa kitu cha namna gani, imeandikwa na mtu ambaye hana undugu na wewe. Tulitoa nakala. Na mdogo wangu, mkono mmoja ukiwa kwenye plasta, alikuwa ameshapiga picha za skrini za mazungumzo yote ya kundi na kujitumia kwenye barua pepe yake. Kesho yake aliondolewa kwenye kundi. Kama angesubiri tumshauri sisi wakubwa, tungekuwa na maneno matupu mkononi.

Tulikwenda kumwona mwenye nyumba, mimi na baba yetu mdogo. Mzee mstaafu, mpole, akatupokea kwa "Kamwene" na chai ya rangi. Alimsikitikia mtoto kweli, sikuona unafiki. Lakini alipofika kwenye jambo lenyewe akasema, "Kijana wangu, mimi siyo mwizi. Hata mimi nimeibiwa heshima ya nyumba yangu. Polisi wawatafute." Baba mdogo akaitikia kwa kichwa, na tulipotoka nje akaniambia kumpeleka mzee wa watu mahakamani kwa kosa la vibaka ni kutafuta laana. Ukoo mzima ulikuwa upande wake.

Wakili tuliyempata, dada mmoja mwenye ofisi Miyomboni, hakuuliza habari za wezi hata mara moja. Aliuliza nani mwenye ufunguo wa geti, nani anayelipa mlinzi, nani anayeruhusiwa kubadilisha kitasa. Akauliza kama wasichana wangeweza kuajiri mlinzi wao wenyewe au kufunga taa kwenye ukuta wa nyuma bila kugombezwa. Nikamwambia hapana, hata msumari wa kutundikia kioo ulikuwa unaombewa ruhusa. Akaandika. Kisha akauliza: alijua lini?

Alituelezea kwa kesi moja ya Marekani ambayo nimeikumbuka hadi leo. Mwanamke anaitwa Kline alipanga kwenye jengo kubwa la ghorofa mjini Washington mwaka 1959, lango kuu likiwa na bawabu usiku na mchana. Miaka ikaenda, wapangaji wakaanza kuibiwa na kupigwa kwenye korido, na huku bawabu ameondolewa. Mwezi Novemba 1966 Kline akavamiwa koridoni, nje tu ya mlango wake. Miezi miwili nyuma mwanamke mwingine alikuwa amevamiwa kwenye korido hizo hizo. Mwaka 1970 mahakama ya rufaa ikasema mwenye jengo anawajibika. Mpangaji anaweza kufunga mlango wake, lakini korido na lango haviko mikononi mwake. Anayeweza kuvilinda ni mmoja tu, na alikuwa anajua kinachotokea.

Nilifurahi, nikaona tumeshashinda. Wakili akanirudisha chini. Hiyo ni Marekani, akasema. Sisi Tanzania Bara tunatumia kanuni za uzembe tulizozipokea kutoka Uingereza, zile zilizokuwepo hadi tarehe 22 Julai 1920, na maamuzi yao ya baadaye mahakama zetu huyasoma kwa heshima bila kulazimika kuyafuata. Kenya wana sheria yao mahsusi kuhusu wajibu wa mwenye kushika jengo, Sura ya 34. Na Waingereza kwenye jambo la mtu wa tatu, yaani mhalifu asiye mtumishi wako wala mwanao, mkono wao ni mgumu. Akatupa mfano wa Perl na halmashauri ya Camden, London, miaka ya 1980. Halmashauri ilikuwa na majengo mawili yaliyoshikana. Moja lilikuwa na chumba kitupu na mlango wa mbele usiofungika, na watu walishalalamika. Wezi wakaingia humo, wakatoboa ukuta, wakaingia kwa mfanyabiashara wa jengo la pili na kuondoka na mamia ya nguo zake za kufuma. Mahakama ya rufaa ikasema halmashauri haiwajibiki, ingawa hatari ilitabirika. Kutabirika peke yake hakutoshi.

Sasa mzee wetu wa Kihesa anakaa upande gani, wa Kline au wa Perl? Hapo ndipo lile tangazo lilipopata thamani. Ulinzi saa 24. Wakili alisema kama tungetegemea uzembe peke yake tungebishana muda mrefu. Lakini mzee aliahidi, na kwa ahadi hiyo akapokea kodi ya muhula. Hapo tunadai pia kwa mkataba: alichouza hakukitoa. Hata muda ni tofauti. Kwa sheria ya ukomo, Sura ya 89, dai la madhara lina miaka 3 na dai la mkataba lina miaka 6. Tangazo hatukuwa nalo. Mdogo wangu alirudi pale chuoni akalikuta bado limebandikwa, akalipiga picha. Nilicheka siku ile. Mtu kakataa kuwajibika, na tangazo lake bado linaita wateja wengine kwa ahadi ile ile.

Na ile karatasi ya ukutani? Nayo ilikuwepo, ndani ya chumba, nyuma ya mlango. Wakili alitupa kesi ya Olley, ya Uingereza, 1949. Mama yule alipanga hoteli, akamalizana nao mapokezi, kisha akapanda chumbani na kukuta tangazo kwamba hoteli haihusiki na vitu vilivyopotea. Ufunguo alikuwa akiuacha mapokezi, mtu akauchukua, makoti yake ya manyoya yakaondoka. Hoteli ililipa. Mkataba ulishafungwa pale chini mapokezi; huwezi kuongeza sharti juu ghorofani baada ya kupokea hela. Kwa hiyo karatasi ya ukutani ina nguvu pale tu unapoonyeshwa kabla ya kukubaliana. Tangu hapo nikiingia nyumba ya wageni nasoma kilichobandikwa mapokezi. Cha chumbani nakiacha.

Kitu kingine alichotubana nacho ni hasara. Alitaka risiti ya kompyuta, risiti za dawa, nauli. Mimi nilikuwa na jumla kichwani, kubwa kubwa, yenye uchungu ndani yake. Akasema Mahakama ya Rufani ilishalieleza hilo mwaka 1992 kwenye shauri la Zuberi Augustino na Anicet Mugabe: hasara mahususi, yaani ile inayohesabika kwa fedha, lazima itajwe moja moja kwenye madai na ithibitishwe. Maumivu na usumbufu hakimu atayapima mwenyewe, ila kompyuta bila risiti ni hadithi. Yetu ilinunuliwa kwa mtu, mkononi. Hapo tulipoteza sehemu nzuri ya dai kabla hata hatujaandika barua, na sioni kwa nini mwanafunzi yeyote aendelee kununua kitu cha bei ile bila hata karatasi ya kuandikishana.

Barua ya madai ilikwenda kwa mzee ikiwa na nakala za jumbe zake mwenyewe. Alikuja na mtoto wake mkubwa, na yule mtoto, baada ya kusoma "fundi anakuja wiki hii" na kuangalia tarehe ya PF3, ndiye aliyemshauri baba yake tukae. Walilipa matibabu yote, wakarudisha kodi ya muhula, wakaongeza kiasi cha kompyuta kilichokuwa chini ya tulichodai. Tukasaini ofisini kwa wakili. Baba mdogo alikuja kushuhudia na akasaini pia. Laana hakuitaja tena. Wezi hawakupatikana. Hilo watu hawalielewi nikiwasimulia: mwizi hakupatikana na bado dai lilisimama, kwa sababu hatukuwa tunamdai mzee wizi.

Niseme pia kwamba si kila mtu atampata wakili wa kumlipa. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria, na huduma yao kwa asiye na uwezo ni bure. Ukiwa na karatasi zako mkononi wanakufaa sana. Ukienda na hasira tu watakuambia urudi na karatasi.

Haya yote ningeyasahau kama mama asingenikabidhi nyumba zake. Ana vyumba vya kupangisha Ilomba hapa Mbeya, safu mbili zimetazamana na ua katikati, na fremu mbili za maduka mbele. Miguu ilipoanza kumsumbua akasema, "Mwanangu, kodi ukusanye wewe, mimi nimechoka kugombana." Nikawa mwenye nyumba, yaani nimekaa kwenye kiti cha yule mzee wa Kihesa.

Ukikaa kiti hicho unaona mengine. Unaona mpangaji anayelalamika taa imeungua ndiye anayeacha geti wazi saa sita usiku kwa sababu rafiki yake anakuja na hataki kuamka kufungua. Unaona mwingine amechonga ufunguo wa ziada akampa binamu. Wakili aliniambia hayo yote mahakama inayapima: mtu aliyechangia madhara yake mwenyewe hupunguziwa fidia. Lakini naye lazima awe ameambiwa. Basi wapangaji wangu wanasaini karatasi moja kabla ya kulipa, imeandikwa geti linafungwa saa ngapi, nani ana funguo, na kwamba hakuna mlinzi. Hilo la mwisho mama hakulipenda. Alisema nitawafukuza wateja. Nikamwambia bora niseme sina mlinzi kuliko kuandika ninaye na kumlipa mzee wa watu posho ya kulala. Vyumba havijakosa watu.

Vitasa vya vyumba nabadilisha kila mpangaji anapohama. Ni gharama, na fundi wangu wa Mwanjelwa ananicheka, lakini hujui funguo ngapi zimechongwa. Nimefunga taa za sola uani na chooni, zinawaka zenyewe giza likiingia, maana wapangaji walikuwa wanagombania nani alipie luku ya taa ya nje. Na nina daftari. Malalamiko yakija naandika tarehe, na nikirekebisha naandika tarehe. Jirani yangu mmoja mwenye nyumba aliniambia daftari hilo ni kujichongea: likishikwa litaonyesha ulijua. Ana hoja. Ila wapangaji wote wana simu; kujua kwangu kumeandikwa tayari huko kwao. Ninachoweza kuandika mimi ni kwamba nilichukua hatua.

Jambo lililonisumbua zaidi ni bodaboda. Vijana wa kijiwe cha jirani waliniomba walaze pikipiki zao uani usiku, kila mmoja atoe kitu kidogo. Hela nzuri kwa mwezi. Mwanzoni walikuwa wanaegesha tu na kuondoka na funguo zao, basi hapo nimewaruhusu mahali pa kuweka. Baadaye wakaanza kumwachia funguo mpangaji wangu wa fremu ili azisogeze asubuhi akifungua duka, naye anawaandikia kwenye kikaratasi. Nilimpigia simu yule wakili wa Miyomboni. Akasema ukishapokea mali, ufunguo na malipo, umebeba amana. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inakutaka uitunze kama mtu mwenye busara ya kawaida angeitunza ya kwake, na ikipotea ni wewe utakayeeleza uliilindaje, wala si mwenye pikipiki athibitishe uzembe wako. Kwa mzee wa Kihesa sisi ndio tuliokuwa na kazi ya kuthibitisha. Kwa pikipiki kazi ingekuwa yangu. Nilipiga hesabu ya bei ya pikipiki moja mpya na ile hela ya mwezi, nikawaambia vijana wachukue funguo zao au watafute kwingine. Baadhi walikasirika, na mmoja hadi leo hanibebi.

Sasa hivi kinachonikosesha usingizi hakiko ndani ya ua wangu. Nyuma yetu kuna pagale, nyumba iliyoishia kwenye renta, haina milango wala madirisha, na mwenyewe yuko Dar es Salaam. Vijana wa bangi wanashinda humo, na ukuta wetu wa choo unapakana nalo. Kwa kesi ya Perl, nikivunjiwa kupitia pale huenda nisimpate na kitu. Hata hivyo nimemwandikia barua, nakala kwa mwenyekiti wa mtaa, nikaeleza kinachotokea na tarehe zake. Alipiga simu, akaongea vizuri, akaomba fundi wa hapa amkadirie gharama ya kuziba milango kwa matofali. Fundi amekadiria, nimemtumia hesabu na picha. Zimeonekana kusomwa. Nikimaliza kuandika hii nampigia.